Muulize Fundi: Kabla ndege haijaanguka kuna mtu alishaona

Toleo lililopita niligusia ajali za ndege kidogo tu, nikasema mwenye swali alete, basi mmeleta mpaka nimeshindwa kuyapanga. Yote siwezi kuyajibu. Nimechukua yale ambayo jibu lake nalijua vizuri, na yaliyofanana nimeyaunganisha. Ila kuna kitu mtakiona kinajirudia humu, na si kwamba nimekipanga, ndo hali yenyewe ilivyo: miaka yote niliyokaa hangani, yaani karakana ya ndege, na kusoma ripoti za ajali, ni mara chache sana nimekuta ajali ambayo haikutanguliwa na dalili. Karibu kila mara kuna mtu alishaona, au alishasikia, au lilishamkuta akapona, halafu habari ikaishia hapohapo.

Fundi habari yako. Mzee wangu alifanya kazi uwanja wa ndege wa Embakasi enzi hizo na akikaa na wenzake lazima waitaje Jumbo ya Wajerumani iliyoanguka 1974. Mmoja anasema kosa la rubani, mwingine anasema kosa la injinia wa ndani ya ndege, wanabishana hadi chai inapoa. Ukweli ni upi? (Msomaji, Pipeline, Nairobi)

Nzuri sana, na msalimie mzee. Ilikuwa asubuhi ya 20 Novemba 1974, ndege ya Lufthansa namba 540, Boeing 747, imetoka Frankfurt, imeshusha na kupakia Nairobi, inakwenda Johannesburg. Ndani kulikuwa na watu 157. Walikufa 59. Na hiyo ndo Jumbo ya kwanza duniani kuanguka na kuua watu, tangu zianze kubeba abiria mwaka 1970.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Bawa la Jumbo lina flapsi, yaani vipande vya kukunjuliwa kwenye kingo za bawa, za nyuma na za mbele, zote zinashushwa wakati wa kupaa ili bawa liweze kubeba ndege ikiwa bado haijashika kasi kubwa. Za nyuma zinasukumwa na mafuta ya haidroliki, lakini za mbele kwenye 747 zinasukumwa na hewa ya presha inayochotwa kwenye injini, na hewa hiyo inapita kwenye vali ambazo injinia wa ndege anatakiwa azifungue kabla ya kuruka. Siku ile vali zilikuwa zimefungwa. Kwa hiyo flapsi za nyuma zikashuka vizuri kabisa, za mbele zikabaki zimelala, na ndege ikaanza kukimbia kwenye barabara ya kurukia kama kawaida. Kumbuka pia Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, bawa linahitaji kila msaada.

Ndege ikanyanyuka, ikaanza kutetemeka. Rubani akadhani ni magurudumu yanatikisa, akayapandisha, na wakati yanapanda milango ya tumboni inafunguka na kuongeza upinzani wa hewa, yaani alichofanya kwa nia njema kikazidi kuibana ndege. Haikupanda tena. Ikashuka kama kilomita moja mbele ya mwisho wa barabara, ikagonga tuta, ikakatika, ikawaka moto. Watu 98 walitoka wakiwa hai, wakiwemo rubani na injinia mwenyewe.

Kuhusu lawama: injinia alishtakiwa Ujerumani, na mwishoni mahakama ikamwachia huru. Ndiyo, chekilisti, ile orodha ya kukagua kabla ya kuruka, ilimtaka afungue vali na hazikufunguliwa. Lakini Jumbo ile haikuwa na king'ora cha kumwambia rubani kwamba flapsi za mbele hazina hewa, na kosa hilohilo lilishatokea kwenye 747 nyingine kabla ya hapo, marubani wakawahi kuiokoa ndege, ikaisha kuwa stori ya kusimuliana. Baada ya Nairobi ndo Boeing wakaweka onyo. Kwa hiyo mzee wako na wenzake wote wana kipande cha ukweli, ila mimi siwezi kumbebesha mtu mmoja maiti 59 wakati kiwandani walijua kwamba kosa hilo linafanyika.

Shikamoo Fundi. Umetaja chekilisti. Hivi ile karatasi marubani wanayosomeana ilianza lini, au ipo tangu ndege ya kwanza? (Mwanafunzi wa ufundi, Kahama)

Marahaba mwanangu. Haikuwepo tangu mwanzo, ililetwa na ajali ya ndege ya kijeshi. Tarehe 30 Oktoba 1935, Wright Field, Ohio, jeshi la Marekani lilikuwa linajaribu ndege mpya ya kudondosha mabomu, Boeing Model 299, injini 4, kubwa kuliko walizozizoea. Ikapaa, ikanyanyua pua kupita kiasi, ikaishiwa mwendo, ikaanguka. Walikufa wawili, rubani wa jeshi na rubani wa majaribio wa Boeing. Walipochunguza ndege wakakuta haina ubovu wowote! Kumbe kuna kifaa kinachofunga mkia usichezechezwe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa, na hakuna aliyekifungua kabla ya kuruka.

Magazeti yakaandika kwamba ile ni ndege nyingi mno kwa mtu mmoja. Marubani wa jeshi wakafikiri vingine, wakakaa wakaandika orodha: kabla ya kuwasha, kabla ya kupaa, kabla ya kutua, baada ya kutua. Ndege ileile baadaye ikawa B-17, na zilitengenezwa zaidi ya 12,000 wakati wa vita.

Ila orodha ni karatasi tu kama mdomo unasoma na mkono umelala. Nilipokuwa kijana hangani, mzee mmoja aliyenifundisha kazi alikuwa haniruhusu kusema "tayari" mpaka niguse kitu chenyewe kwa mkono. Kifuniko, gusa. Pini, gusa, itoe, inyanyue aione. Nilikuwa naona ananichelewesha. Siku moja tumemaliza kuosha ndege ndogo, nimepita nayo yote kwa macho na nimesema tayari, akanirudisha nipite kwa mkono, kidole kikakuta utepe wa plastiki juu ya tundu dogo la ubavuni, lile linaloipa ndege habari ya urefu na mwendo. Rangi ya utepe na rangi ya bodi zilikuwa zinafanana. Usiku ule sikulala vizuri.

Miaka ikapita, 2 Oktoba 1996, Boeing 757 ya Aeroperú ikaondoka Lima usiku kwenda Santiago, na waliokuwa wameiosha walisahau utepe kwenye matundu kama hayohayo. Marubani wakiwa juu ya bahari gizani hawakujua wako juu kiasi gani wala wanakwenda kasi gani, ving'ora vinalia vya kupingana, hiki kinasema mwendo ni mkubwa mno, hiki kinasema ni mdogo mno. Wakagonga maji. Watu 70, hakupona hata mmoja. Niliposoma ripoti ile niliangalia kidole changu.

Assalaam aleikum. Mimi naishi Muscat ila kwetu ni Mombasa. Nauliza, kwa nini ndege nzima, mpya, inapaa tu usiku inaingia baharini? Nimezisikia mbili za Kenya Airways na moja ya Gulf Air, zote usiku, na hakuna bomu wala injini kufa. (Baba Mwanaidi)

Waaleikum salaam ndugu yangu. Hili limeulizwa na wengi, la kwako limejumlisha yote, na ni hapa ninataka nikae kidogo.

Anza na sikio. Ndani ya sikio kuna vimifereji vyenye maji na vijiwe vidogo vinavyotuambia tumesimama, tumeinama, tunageuka. Vimeumbwa kwa ajili ya mtu anayetembea chini. Ukiwa kwenye ndege inayoongeza kasi kwa nguvu, vile vijiwe vinarudi nyuma, na ubongo unasema umeinua kichwa, yaani pua ya ndege imepanda sana. Mchana unatazama nje, unaona upeo wa bahari, ubongo unajirekebisha. Usiku juu ya maji hakuna taa, hakuna upeo, mbingu na bahari ni weusi mmoja. Mwili unakwambia unapanda mno, mkono unasukuma usukani mbele, na wewe umeshuka huku umeamini unajiokoa. Na ukigeuka taratibu sana, sikio halihisi kabisa, unaweza ukalala ubavu mzima na kahawa kwenye kikombe isimwagike. Wa kumwamini pale ni saa za mbele peke yake, yaani vile vipimo vilivyo mbele ya rubani, na kuziamini saa wakati mwili mzima unapiga kelele kinyume chake ni kazi ya kufundishwa na kurudiwa, si kipaji.

Ya Gulf Air ndo mfano wenyewe hasa. Tarehe 23 Agosti 2000, Airbus A320, imesajiliwa huko huko Oman, inatoka Cairo kwenda Bahrain. Ilikuja kutua ikiwa na mwendo mkubwa, ikazunguka, haikukaa sawa, rubani akaamua kupanda aanze upya. Akafungulia injini zote, ndege ikavuta kuelekea gizani juu ya bahari, na kilichofuata ni kile nilichokueleza: mwili ukadanganya, pua ikasukumwa chini, onyo la ardhi likalia, haikunyanyuka kwa wakati. Watu 143 kwenye maji mafupi karibu na uwanja.

KQ431 ya Kenya Airways ilikuwa 30 Januari mwaka huohuo, Abidjan. Airbus A310 iliyotoka Nairobi, ilitakiwa itue Lagos lakini vumbi la harmattan likaizuia ikaenda Abidjan kwanza. Usiku inaondoka kurudi Lagos, haijafika hata futi 500, king'ora cha stoli kikalia. Stoli ni pale bawa linapoacha kubeba, na dawa yake inayofundishwa ni kushusha pua. Rubani msaidizi aliyekuwa anairusha akashusha pua. Tatizo, king'ora kilikuwa cha uongo, ndege ilikuwa inapaa vizuri kabisa! Mbele yao ni bahari nyeusi, hakuna cha kuwaonyesha kwamba wanashuka, na kelele ya king'ora kile ikafunika onyo la kuwa karibu na maji. Yote yalichukua kama nusu dakika. Kati ya watu 179 walipona 10.

Mimi yule rubani msaidizi wa KQ431 simlaumu hata chembe. Alifanya alichofundishwa, kwa kasi aliyofundishwa. Alikosa sekunde tatu za kulinganisha king'ora na saa ya mwendo, na futi mia chache hazikumpa hizo sekunde.

Ya pili ya Kenya Airways, ile ya Douala, Cameroon, ni tofauti, na ndo inaniuma zaidi. KQ507, 5 Mei 2007, Boeing 737-800 yenye umri wa miezi tu, watu 114. Usiku wa manane, radi na mvua, wakasubiri hali ipungue, halafu wakapaa bila ruhusa ya mnara. Ndege ikawa inalalia kulia kidogokidogo, taratibu kiasi kwamba sikio halihisi, na rubani akiamini otopailoti, mtambo wa kuirusha ndege wenyewe, imeshika, kumbe haijashika. Yaani hakuna aliyekuwa anairusha. Onyo la kulala lilipolia akazungusha usukani kulia, kushoto, akarudi tena kulia, ikapinduka ikaingia kwenye mikoko kilomita chache tu kutoka uwanjani. Na watu walianza kuitafuta mbali kabisa, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, wakati imelala karibu na mji. Ilipatikana kesho yake jioni.

Ripoti ya Cameroon inasema mapungufu ya rubani yule, jinsi anavyofanya kazi na mwenzake na anavyofuatilia ndege, yalikuwa yameandikwa kwenye kumbukumbu zake za mafunzo, si mara moja. Na aliyekaa pembeni yake alikuwa kijana wa miaka 23 ambaye usiku ule hakumkatalia. Hapo unaona ninachosema. Iliandikwa, ikasainiwa, ikawekwa kabatini.

Ssebo Fundi, mimi ni wa Entebbe. Marehemu babu alikuwa anasema ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria duniani ilitua hapa kwetu, na kwamba baadaye ilipasuka kama puto. Ni kweli au ni hadithi za babu?

Babu yako alikuwa anasema kweli tupu. Inaitwa Comet, ya Waingereza. Safari ya kwanza ya abiria kwa jeti ilikuwa 2 Mei 1952, London kwenda Johannesburg, ikapita Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Na ndege yenyewe iliyofanya safari ile, namba yake G-ALYP, ndo hiyohiyo iliyopasuka angani tarehe 10 Januari 1954 karibu na kisiwa cha Elba, Italia, ikaua watu 35. Kwa hiyo babu alimwona marehemu mwenyewe, si ndugu yake.

Sababu ni uchovu wa chuma. Ndege ya jeti inaruka juu sana, ndani inajazwa hewa ili watu wapumue, ikishuka hewa inapungua. Kila safari bodi inavimba kidogo na kunywea, ni kama kukunja na kukunjua waya wa chuma, mara ya kwanza hakuna kitu, mara ya mia mbili unakatika mkononi. Comet ilikuwa na bati jembamba na matundu yenye kona kali, na kona ndipo nguvu inapojikusanya. Ufa wa ile ya Elba ulianzia kwenye tundu la antena juu ya paa. Walijuaje? Pale Farnborough, Uingereza, walichukua Comet nyingine wakaizamisha kwenye tangi kubwa la maji, wakawa wanaijaza na kuipunguza presha usiku na mchana kama vile inasafiri, mpaka ilipofika hesabu ya safari 3,057 bodi ikachanika. Ya Elba ilikuwa imefikisha 1,290 tu.

Lakini rudi nyuma kidogo uone. Mwaka mmoja kamili baada ya ile safari ya Entebbe, 2 Mei 1953, Comet nyingine ilikatika angani karibu na Calcutta, watu 43, ikasemwa ni dhoruba. Baada ya Elba zikasimamishwa, zikafanyiwa marekebisho ya kubahatisha maana chanzo kilikuwa hakijajulikana, zikarudi angani mwezi Machi 1954. Tarehe 8 Aprili, wiki mbili tu, nyingine ikapasuka kusini mwa Italia, watu 21. Ndege ilirudishwa kazini ikiwa bado haijulikani inaumwa nini.

Na kutokana na Comet hizihizi tukapata kisanduku cheusi, ambacho, kwa wale watatu mlioniuliza, ni cha rangi ya machungwa ili kionekane kwenye mabaki. Mwanasayansi David Warren wa Melbourne aliitwa kwenye kikao cha kujadili ajali za Comet, akawaza kwamba kama mashine ya kurekodi sauti ingekuwemo mle ndani mabishano yote yangeisha. Baba yake mwenyewe alikufa kwenye ajali ya ndege mwaka 1934 yeye akiwa mtoto.

Kaka Fundi, ile ndege ya timu ya Zambia 1993, huku Tunduma mpaka leo watu wanasema ilitunguliwa. Wewe unasemaje?

Nasema kilichoandikwa kwenye ripoti ya Gabon iliyotoka mwaka 2003, miaka 10 baada ya msiba. Ndege ilikuwa ya jeshi la anga la Zambia, aina ya Buffalo, injini mbili, imebeba timu ya taifa inakwenda Dakar kucheza na Senegal kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Ni ndege ya masafa mafupi, kwa hiyo ilikuwa inatua kujaza mafuta njiani, Brazzaville, Libreville, na ilikuwa itue tena mbele. Ilikuwa imekaa miezi bila kuruka. Kwenye ukaguzi kabla ya safari zilionekana chembe za kaboni kwenye filta za oili, na Brazzaville injini ilishaanza kusumbua. Wakaendelea.

Usiku wa 27 Aprili 1993 ikapaa kutoka Libreville, injini ya kushoto ikashika moto. Rubani akazima injini. Akazima ya kulia, ile nzima. Taa ya onyo ilikuwa na hitilafu, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka, alikuwa amerusha ndege siku moja kabla kuirudisha timu ileile kutoka Mauritius. Ndege bila nguvu upande wowote ikaingia baharini karibu kabisa na pwani. Watu 30, wachezaji 18 na kocha Godfrey Chitalu ndani yake. Kalusha Bwalya alipona kwa kuwa alikuwa anacheza Uholanzi na angekwenda Dakar peke yake.

Wanaosema haiwezekani rubani azime injini nzima, nawapa hii. Tarehe 8 Januari 1989, Boeing 737-400 ya British Midland, Uingereza. Injini ya kushoto ikavunjika jani la feni, moshi ukaingia ndani, marubani wawili wazima wakakubaliana kwamba ni ya kulia, wakaizima. Ikatokea mtetemo ukapungua, wakaamini wamepatia. Rubani akawatangazia abiria kwamba injini ya kulia ilileta shida na ameizima. Nyuma kule kuna watu waliouona moto kushoto kwa macho yao! Wakashangaa, wakanyamaza, wakadhani rubani anajua zaidi. Karibu na uwanja ile mbovu ikafa kabisa, ndege ikaanguka kando ya barabara kuu karibu na kijiji cha Kegworth, watu 47 kati ya 126. Siku hizi wahudumu wanafundishwa kupiga simu mbele bila kuona haya.

Vijana wa Zambia walizikwa Lusaka karibu na Uwanja wa Independence. Tarehe 12 Februari 2012 Zambia ikachukua Kombe la Afrika kwa penalti, na fainali ilichezwa Libreville. Kabla ya mechi wale wachezaji walikwenda ufukweni kuweka maua.

Jambo mzee Fundi. Miye niko Goma. 2008 ndeke iliangukia Birere, tulipoteza majirani. Watu wanasema ndeke za Congo ni za kizee ndiyo sababu. Ni ile tu? (Mama wa Birere)

Pole sana mama yangu, na nashukuru umeandika. Uzee peke yake hapana. Ndege ya zamani ikitunzwa inaruka. DC-9 ile ya shirika la Hewa Bora, 15 Aprili 2008, ilipata shida ya injini ikiwa inakimbia ipae, marubani wakaamua kusimama, na uamuzi huo kwenye uwanja wa kawaida ni wa kukuokoa. Lakini wewe unaukumbuka mwaka 2002, volkano ya Nyiragongo ilipomwaga moto ukashuka mjini ukafunika sehemu ya barabara ya ndege. Miaka 6 baadaye lile jiwe lilikuwa bado liko palepale, barabara imebaki fupi, siku ile imeloa mvua, na mbele ya mwisho wake si uwanda, ni nyumba na soko. Walikufa watu wapatao 40, wengi wao hawakuwa hata abiria. Kila rubani aliyetua Goma miaka ile alikuwa analiona lile jiwe la volkano.

Kinshasa ilishatokea kabla, 8 Januari 1996. Antonov An-32 ikapakiwa kupita uwezo wake kwenye uwanja wa Ndolo, ambao uko katikati ya mji, ikakimbia barabara yote bila kunyanyuka, ikaingia kwenye soko la Simbazikita. Zaidi ya watu 200, wengi wao akina mama waliokuwa wanauza na watoto wao. Mizigo ina hesabu yake: uzito, joto, urefu wa barabara, urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Zamani nilikuwa namsikia mpakiaji anasema "ongeza tu, jana ilibeba". Jana ilikuwa asubuhi na baridi, leo ni saa nane mchana.

Nauliza kifupi: kwa nini wanakataza kujaza laifu jaketi ukiwa ndani ya ndege, si bora nitoke nikiwa tayari? (Msomaji, Unguja)

Sababu yake ilionekana wazi jirani yenu Comoro. Tarehe 23 Novemba 1996, Boeing 767 ya Ethiopian imetoka Addis Ababa inakuja Nairobi, watu 175, ikatekwa na vijana watatu wanaotaka kwenda Australia. Kapteni Leul Abate aliwaeleza mafuta hayafiki, hawakumwamini. Yeye akawa anafuata pwani ya Afrika kimyakimya kadiri alivyoweza, halafu akaelekea visiwani, mafuta yakaisha, injini zikazima zote mbili, na bado alikuwa anagombana nao akijaribu kuiweka ndege juu ya maji mbele ya ufukwe wa Galawa, Ngazidja. Bawa la kushoto likagusa kwanza, ndege ikakatika vipande. Walikufa 125, walipona 50, na wengi waliokolewa na wavuvi, wageni wa hotelini na wazamiaji waliokimbilia na boti.

Sasa kati ya waliokufa wapo waliokuwa wamepona pigo lenyewe. Walikuwa wameshajaza jaketi zao wakiwa kwenye viti, ingawa walionywa. Maji yalipoingia jaketi likawanyanyua likawabana kwenye dari, mlango uko chini yao, ndani ya maji, na ukiwa umevaa puto huwezi kuzama uufikie. Kwa hiyo: vaa ukiwa kitini, funga mkanda wake vizuri, usivute kamba. Vuta ukiwa umeshafika mlangoni, mguu mmoja nje. Na ukikaa tu kwenye kiti hesabu kwa mkono ni viti vingapi mpaka mlango wa karibu, mbele na nyuma, maana ndani ya moshi au maji utatafuta kwa vidole.

Maswali ya helikopta ni mengi, nimeyatenga, nitayajibu toleo lijalo.